Chura asiyepasuka

Mhusika wa katuni anavuta pumzi. Mashavu yanafura, kifua kinafura, mwili unakuwa duara na miguu inaning'inia hewani. Mtoto wa Kakamega aliye mbele ya runinga anaangua kicheko. Kichekesho hicho kina umri wa takriban miaka elfu mbili. Katika ngano zinazohusishwa na Aesop, Mgiriki wa kale, yumo chura aliyetamani ukubwa wa ng'ombe, akajitunisha, akazidi kujitunisha, mwishowe akapasuka.

Ngano hiyo ingeweza kutungwa hapa. Fahali wapo: Waisukha na Waidakho wamewapiganisha kwa vizazi, Khayega, Shinyalu na Malinya, isukuti ikirindima. Vyura nao wapo, msituni na katika kila kinamasi.

Wachoraji wa kisasa waliipokea pumzi ile ile wakaiacha aibu yake. Mwaka 1898 Mfaransa aliyejiita O'Galop alimchora Bibendum wa kampuni ya Michelin, jitu la matairi ambalo mwili wake wote ni upepo, na halikupasuka. Mwaka 1933 Walt Disney akatoa filamu fupi ya nguruwe watatu, ambamo mbwa mwitu anajaza kifua na kupuliza nyumba za nyasi na vijiti. Miaka 70 baadaye, filamu ya Finding Nemo ikamleta bunju, samaki ambaye wavuvi wa Pwani wanamfahamu vizuri, akivimba kila anapokasirika.

Chura peke yake ndiye aliyebaki na jina baya, na hilo ni dhuluma. Hajitunishi kwa majivuno. Dume hufunga mdomo na pua, akasukuma hewa kutoka mapafuni hadi kwenye mfuko wa ngozi ulio chini ya koo, na mfuko huo huitoa sauti yake nje na kumrudishia hewa ile ile aitumie tena. Ndivyo chura wa matete, asiyezidi kidole gumba, anavyosikika ng'ambo ya kinamasi. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Naam, lakini hazikukusudiwa ng'ombe, anaitwa jike. Vyura wengine huvimba mwili mzima wanapokabiliwa na nyoka, ili wasimezeke.

Mikono ya kumtendea haki tunayo. Tinga Tinga Tales, vibonzo vya wanyama vilivyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, vilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa picha za Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Na mwaka 2006 wanasayansi walimtambulisha kwa ulimwengu chura wa mitini wa Msitu wa Kakamega, Leptopelis mackayi. Mchoraji wetu amchukue huyo. Amvimbishe koo usiku wa mvua, jike ashuke mtini kumfuata, na fahali aendelee kunywa maji yake kando.