Buli, Kulabu na Uzi: Kifuniko cha Chai katika Historia ya Maneno ya Kiswahili

1. Utangulizi

Mwaka 1909 mwanaisimu Rudolf Meringer na wenzake walianzisha jarida walilolipa jina la Wörter und Sachen, yaani Maneno na Vitu. Msingi wao ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza: historia ya neno haisimuliki bila historia ya kitu kinachotajwa na neno hilo. Katika taaluma za Kiswahili msingi huu umetumika zaidi kwa vitu vikubwa, kama vile vyombo vya baharini, nyumba za mawe, silaha na mazao ya biashara. Vitu vidogo vya mezani, hasa vile vinavyotoka mikononi mwa wanawake, vimepata nafasi finyu.

Mhadhara huu unachukua kimojawapo cha vitu hivyo vidogo, nacho ni kifuniko cha buli kilichofumwa kwa uzi na kulabu ili chai isipoe. Kitu hiki kimekusanya safari tatu: safari ya jani kutoka Uchina, safari ya ufundi wa kulabu kutoka Ulaya, na safari ya maneno yaliyokutana katika Kiswahili. Kinaibua pia swali ambalo wanaleksikografia hawana budi kulikabili: ni kazi za nani zinazohesabiwa kuwa zinastahili istilahi?

2. Jani na chombo chake

Lugha nyingi za dunia zimegawanyika katika makundi mawili kuhusu jina la kinywaji hiki, na makundi yote mawili chimbuko lake ni Uchina. Waholanzi walilipokea jina lenye sauti ya te kutoka kwa wasemaji wa lahaja za Fujian, wakalieneza Ulaya ya magharibi. Ndilo lililozaa majina ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Jina lenye sauti ya cha lilipita Asia ya Kati na kuingia katika Kiajemi, Kihindi, Kituruki na Kirusi. Wareno, waliofanya biashara Makau, nao walibaki na cha.

Kiswahili kimo katika kundi hili la pili. Neno chai halikutokana na Kiingereza, ingawa Waingereza ndio waliopanda mashamba makubwa ya chai nchini Kenya. Wala halikutokana na Kiarabu fasaha, ambacho hutamka shai kwa kuwa hakina sauti ch. Sauti ya kwanza ya neno lenyewe inaelekeza kwa Waajemi na Wahindi, majirani wa kale wa pwani hii. Hivyo neno lilikuwa limekwisha kufika kabla ya mche wa kwanza kupandwa Limuru mwaka 1903, na kabla ya mashamba ya Kericho kupanuka katika miaka ya 1920.

Chombo nacho kina historia yake. Kiswahili kina buli, neno ambalo kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalitambua kwa maana ya chombo cha kutengea chai, na kina birika, ambalo sehemu nyingi hutumika kwa chombo cha kuchemshia maji na cha kumiminia chai pia. Birika limetokana na Kiarabu ibriq, nalo Waarabu walilichukua kwa Waajemi, ambao kwao lilimaanisha kinachomimina maji. Hata hivyo, birika la Kiswahili lina maana nyingine, ile ya hodhi la maji, na hiyo imetoka katika neno jingine la Kiarabu, birka. Maneno mawili ya kigeni yameingia katika kinywa kimoja yakatoka yakiwa neno moja.

3. Kodi, njaa na kulabu

Nchini Uingereza chai ilikuwa anasa hadi mwaka 1784, Bunge lilipoishusha kodi yake kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5. Mwaka 1839 chai ya Assam ilinadiwa London kwa mara ya kwanza, na katika miaka ya 1840 desturi ya chai ya alasiri, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Anna, mke wa Mtawala wa Bedford, ilianza kuenea katika nyumba za wenye nacho. Desturi hii ilibadilisha mahitaji ya chombo. Chai haikunywewa tena kwa haraka. Ilikaa mezani saa nzima, katika vyumba vyenye baridi, wageni wakizungumza. Buli la kauri likawa linahitaji nguo. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19 kifuniko cha kitambaa au cha sufu kilikuwa kitu cha kawaida katika nyumba hizo.

Ufundi wa kulabu ulienea katika kipindi hicho hicho, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Njaa kuu ya Ireland, kati ya mwaka 1845 na 1852, iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kiasi hicho. Katika hali hiyo watawa wa Kiursula wa Blackrock, Cork, walifundisha wasichana kufuma kwa kulabu, na mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa kasisi, alianzisha mafunzo kama hayo katika mji wa Clones. Wakati huo huo Eléonore Riego de la Branchardière alikuwa akichapisha London vitabu vya ruwaza ambavyo mtu aliyejua kusoma angeweza kuvifuata peke yake. Familia nyingi zilinunua chakula na hata nauli ya kuhama kwa fedha za kola na lesi zilizofumwa usiku kando ya moto.

Kwa nini kulabu, wala si kitanda cha mfumi? Jibu liko katika gharama. Kulabu ni moja, uzi ni mmoja, na kazi huweza kusimamishwa mtoto anapolia na kuendelezwa baadaye bila hasara. Mtu anayefuma kwa sindano mbili hushikilia vitanzi vingi kwa pamoja. Anayefuma kwa kulabu hushikilia kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Kuna tofauti nyingine yenye uzito wa kihistoria. Ufumaji wa sindano mbili ulipata mashine mapema, tangu William Lee alipobuni kiunzi chake mwaka 1589. Ufumaji wa kulabu haujapata mashine ya kuuiga kikamilifu. Kwa hiyo, karibu kila kazi halisi ya kulabu, hata inayouzwa leo kwa bei ya chini kabisa, ni saa za mtu zilizokwisha kutumika.

4. Kazi yenyewe

Kifuniko cha buli huanzia juu. Mfumaji hufunga kitanzi, huvuta uzi ndani yake mara kadhaa kupata mnyororo mfupi, kisha huuunganisha mwanzo na mwisho ili kupata duara. Kutoka hapo huzunguka, akiongeza vitanzi kwa hesabu katika kila mzunguko. Akiongeza mno, kazi huchanua kama ua na kukunjamana. Akipunguza mno, huwa kikombe chembamba kisichoweza kuvalika. Duara likishalingana na bega la buli, nyongeza husimama, na kazi hugawanywa pande mbili zinazofumwa mbalimbali ili kuacha nafasi ya mdomo na ya mkono. Chini kabisa pande hizo huunganishwa tena.

Joto la buli hupotea kwa kupita katika kauri, kwa kuchukuliwa na hewa inayopanda, na kwa kumeremeta. Sufu haipashi moto kitu chochote. Kazi yake ni kuizuia hewa isitembee. Nyuzi zake zilizojikunja hufunga vijumba vidogo vya hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa kiasi kilicho chini ya sehemu moja ya 20 ya kile cha maji. Ndiyo maana uzi wa pamba wenye matundu mapana ya urembo hausaidii sana mpaka utiwe bitana. Mfumaji mzoefu huijua fizikia hii vidoleni, hata kama hakuisoma darasani: hukaza mkono pale anapotaka joto, na kuulegeza pale anapotaka pambo.

5. Kawa, kofia na kroshia

Kitu hiki hakikufika mahali patupu. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na kawa, kifuniko cha ukili chenye umbo la pia, mara nyingi cha rangi mbalimbali, kinachofunika chakula kilichopakuliwa. Hata hivyo, kusudi la kawa ni tofauti. Kawa huzuia nzi, vumbi na jicho la mpita njia. Maana hiyo ya kusitiri ndiyo iliyomo katika methali isemayo: Funika kombe mwanaharamu apite. Pwani, kufunika chakula ni adabu kabla ya kuwa suala la joto. Aidha, palikuwa na kofia ya viua, ambayo vitundu vyake huzungushiwa uzi kwa sindano, na palikuwa na kudarizi, neno lililotoka katika Kiarabu.

Ushonaji wa Kizungu uliingia kupitia misheni. Katika makazi ya Mbweni, Unguja, ambako misheni ya UMCA iliwakusanya watu waliokombolewa utumwani kuanzia mwaka 1871, na ambako Caroline Thackeray alifundisha wasichana tangu 1877, kushona kulikuwa sehemu ya masomo. Katika karne ya 20 kazi hizi zilitiwa katika mafunzo ya maarifa ya nyumbani. Nchini Kenya, Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilianza kwa vilabu vya kushona, kufuma na kupika. Serikali ya kikoloni iliviunga mkono vilabu hivyo katika miaka ile ile ya hali ya hatari, na nia yake ilikuwa pia kuwaweka wanawake mbali na vita vya ukombozi. Lakini ufundi ukishaingia mkononi haufuati nia ya aliyeufundisha. Baada ya uhuru vitambaa vya kufuma vilitanda juu ya viti, meza na redio, vikawa zawadi ya arusi, chango la kikundi na karo ya mtoto.

Jina la ufundi huo lina ushahidi muhimu. Neno la Kifaransa crochet, lenye maana ya kulabu ndogo, lilipita katika Kiingereza likawa kroshia katika Kiswahili. Kama lingepokelewa kwa macho, kutoka kitabuni, tungetazamia krocheti, yenye ch na t zilizoandikwa. Sauti sh na kupotea kwa t vinaonyesha kwamba neno lilipokelewa kwa masikio, na mtu aliyeketi karibu na mfumaji.

Kifuniko chenyewe cha buli hakikuenea kama vitambaa vya viti. Chai ya maziwa huchemshwa katika sufuria, kisha hutiwa katika chupa ya chai, chombo kilichozaliwa katika maabara ya James Dewar mwaka 1892. Chupa hiyo imebeba kazi ya sufu. Hii ndiyo sababu kifuniko cha buli hakina jina moja lililokubalika: kifuniko, kofia na vazi yote hueleweka.

6. Hitimisho

Wanazuoni wa Kiswahili husema kila siku juu ya mfumo wa sauti, msuko wa riwaya na utungo wa kishairi. Mfumo umetokana na kufuma. Msuko na kusuka. Utungo na kutunga, kama shanga zinavyotungwa katika uzi. Fikra zetu dhahania zimejengwa kwa maneno ya kazi za vidole. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba lugha iliyokopa kutoka kwa wafumaji majina ya nadharia zake haijawarudishia wafumaji wenyewe orodha ya istilahi. Mifumo ya elimu na ya utawala imetungiwa maneno tangu kuundwa kwa vyombo kama TUKI mwaka 1964 na BAKITA mwaka 1967. Maneno ya kuongeza kitanzi, kuruka kitanzi, kugeuza safu na kufunga ukingo yamebaki midomoni mwa wanawake, yakitofautiana kutoka kikundi hadi kikundi.

Kazi ya kuyakusanya haihitaji mitambo. Inahitaji mwanafunzi mwenye daftari, aketi kando ya mfumaji, aulize jina la kila tendo linapotendeka, na aliandike kama lilivyotamkwa. Likiulizwa mbali na uzi, jina hilo mara nyingi halitajwi. Vidole vinapofanya kazi, hutoka lenyewe.