Kimondo cha Mbale, 1992

Sisi tuliokimbia vita, tukiona moto angani na kusikia mshindo, hudhani ni bomu. Historia inatupa somo. Mchana wa tarehe 14 Agosti 1992, kimondo kilipasuka juu ya Mbale, Uganda, na mawe yake yakatawanyika mjini na mashambani. Jiwe moja dogo, la gramu zisizofika 4, lilipita katika majani ya mgomba likampiga mvulana kichwani. Hakuumia. Wataalamu walikwenda wakayaokota na kuyapima mawe yale.

Kwa hiyo wazazi, watoto wakishtuka usiku, tusiwaongezee hofu. Tuwaeleze kwamba kimondo huwaka kwa kuwa huingia hewani kwa kasi kubwa mno. Hakitumwi na mtu, wala hakina adui.