Uganda: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua jiko la induksheni

Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024 na kuongeza umeme katika gridi ya taifa ya Uganda. Hata hivyo, kaya nyingi nchini humo zingali zikipika kwa kuni na mkaa. Nao mkaa umewekewa vikwazo: Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika maeneo ya kaskazini. Kwa familia inayofikiria kuhamia jiko la induksheni, uamuzi hutegemea mambo manne: sufuria, nyaya za nyumba, bei ya umeme na chakula kinachopikwa.

Linavyofanya kazi

Jiko hili halina moto wala waya unaowaka. Chini ya kioo chake kuna koili ya shaba inayopitishiwa umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Nguvu ya sumaku inayotokea huamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria, na sufuria yenyewe ndiyo inayopata moto. Kwa sababu hiyo takriban asilimia 85 ya nishati huingia katika chakula, ilhali jiko la gesi kwa kawaida halizidishi asilimia 40. Jikoni hamna moshi, jambo lenye uzito kwa wanawake na watoto wanaoketi kando ya meko kila siku.

Sufuria ndiyo ya kwanza

Sufuria nyingi za Afrika Mashariki ni za alumini, na jiko la kawaida la induksheni halizitambui. Chungu cha udongo nacho hakipati moto. Kinachofaa ni chuma, au chuma cha pua chenye kitako kinachovutwa na sumaku. Jaribio lake ni jepesi: mnunuzi achukue sumaku ndogo aiguse chini ya sufuria. Ikinata sawasawa, sufuria inafaa. Isiponata, jiko litalia tu na kuzima. Kitako kiwe bapa, na upana wake usipungue sentimita 12 hivi.

Wapo wanaouza bamba la chuma la kuweka chini ya sufuria ya alumini. Bamba hilo hupoteza sehemu ya joto na linaweza kuliunguza jiko. Ni heri kuhesabu bei ya sufuria mbili mpya pamoja na bei ya jiko tangu mwanzo, badala ya kugundua gharama hiyo baada ya kurudi nyumbani.

Nyaya za nyumba

Jiko dogo la sehemu moja huwa na wati 1,800 hadi 2,000. Kwa umeme wa volti 240, wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8. Soketi nzima ya ukutani hubeba mzigo huo bila shida, lakini waya mwembamba wa kuongezea, unaotumiwa pia na pasi au friji, unaweza kuyeyuka na kuanzisha moto. Jiko la sehemu nne linalojengewa ndani ya meza linaweza kufikia wati 7,200, yaani ampea 30, na linahitaji waya wake peke yake uliowekwa na fundi umeme. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, kifaa cha kinga ni cha lazima. Mfumo mdogo wa sola wa taa na simu hauwezi kuliendesha jiko hili.

Gharama na chakula

Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji takriban yuniti 0.22, na kwa wati 1,800 huchukua dakika 7 hadi 8. Sufuria inayotokota kwa wati 500 kwa saa 2 humaliza yuniti 1. Kwa hiyo chai, ugali, mayai na mboga hupikwa kwa gharama ndogo, ilhali maharage makavu na matoke ya kufukizwa kwa majani ya mgomba huhitaji hesabu ya makini. Kuloweka maharage usiku kucha na kutumia sufuria ya presha yenye kitako cha chuma hupunguza sana muda huo.

Nchini Uganda, wateja wa majumbani hupewa bei nafuu ya kupikia kwa yuniti za 81 hadi 150 kwa mwezi. Familia inayotumia umeme kwa taa pekee italipia yuniti zake za mwanzo za kupikia kwa bei ya juu kabla ya kuufikia unafuu huo. Wapangaji wanaochangia mita moja nao huweza kuuvuka kwa siku chache tu.

Dukani

Mnunuzi asome wati katika kibandiko cha nyuma, wala si katika tangazo la boksi. Aombe jiko liwashwe kwa kiwango cha chini kabisa: baadhi ya majiko ya bei rahisi huwaka kwa nguvu na kuzima kwa zamu, hivyo uji hushika chini. Aulize pia dhamana na mahali pa matengenezo.

Nyumbani, matundu ya feni yasizibwe kwa kitambaa, na kioo kikipata ufa jiko lizimwe mara moja. Mtu aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo hushauriwa kukaa angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko linalowaka. Na kwa kuwa umeme hukatika, jiko la zamani lisitupwe mapema.