Faini za Wakosefu na Tiba ya Watoto

Mnamo 1874, katika mtaa wa mafukara wa New York, bibi mmoja mtumishi wa kanisa, Etta Wheeler, alipata habari za mtoto aitwaye Mary Ellen Wilson, mwenye umri wa miaka kama kumi, ambaye mama wa kulea alikuwa akimpiga na kumfungia ndani. Na baada ya kubisha milango mingi pasipo kuitikiwa, alimwendea Henry Bergh, mwanzilishi wa jamii ya kuzuia ukatili juu ya wanyama. Husimuliwa hata leo kwamba mtoto aliokolewa kwa sheria ya wanyama, na masimulizi hayo ni matamu kuliko kweli yenyewe. Kwani wakili Elbridge Gerry alitumia hati ya mahakama ya kumtaka mtoto aletwe mbele ya hakimu, mwenye kumtesa akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na kabla ya mwaka huo kwisha ikaundwa jamii ya kuzuia ukatili juu ya watoto. Mary Ellen hatimaye alipata malezi ya upole kwa jamaa za Bibi Wheeler. Lakini jeraha la moyo halikuwa na tabibu, wala serikali haikuwa na fungu la kumlipa tabibu huyo.

Utabibu wa nafsi za watoto ulipozaliwa, ulilelewa kwa hisani. William Healy alifungua zahanati yake Chicago mwaka 1909 kwa fedha za bibi tajiri, Ethel Dummer, na zahanati zilizofuata katika miaka ya 1920 ziliegemea wakfu wa Commonwealth Fund. Tena watoto wengi waliletwa huko kwa kuwa ni watundu, si kwa kuwa wamedhulumiwa. Ndipo mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake wa Denver wakatangaza katika jarida la matabibu habari za watoto wanaovunjwa mifupa na wazazi wao, na kufikia 1967 kila jimbo lilikuwa na sheria ya kutaka dhuluma hiyo itolewe taarifa. Taarifa zikajaa madaftarini. Malipo ya tiba yakabaki nyuma.

Fikra ya kuwa dola imlipe fidia aliyedhuriwa na jinai ilitetewa Uingereza na Margery Fry, ikatiwa katika sheria New Zealand mwaka 1963, ikafika California mwaka 1965. Lakini sheria za mwanzo zilimfikiria mpita njia aliyeumizwa na mnyang'anyi asiyemjua, na majimbo mengi ya Marekani yalimnyima fidia mtu mwenye udugu na mkosefu au akaaye naye nyumba moja, kwa hofu ya kwamba fedha zitarudi katika mfuko wa yule yule aliyedhuru. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, ila ilimwangukia asiyestahili: mtoto, ambaye hakuchagua udugu wala nyumba, alifungiwa mlango kwa hoja ya kuwa mwenye kumpiga ni babaye, na lau angalipigwa na mgeni njiani, angalilipiwa.

Sheria ya Marekani ya 1984 juu ya waliodhuriwa na jinai, iliyotanguliwa na tume ya Rais Reagan chini ya Bibi Lois Haight Herrington, iliunda hazina isiyotiwa kodi ya raia, bali faini za wakosefu wa mahakama za shirikisho. Majimbo yakapewa ruzuku kwa sharti la kugharimia, pamoja na tiba ya mwili, ushauri wa nafsi, na marekebisho ya 1988 yakakataza kumnyima mtu fidia kwa sababu ya udugu au makazi, isipokuwa ili kumzuia mkosefu asinufaike pasipo haki.

Mpango huo una uadilifu wa kupendeza, lakini wapigao watoto huhukumiwa zaidi katika mahakama za majimbo, na faini nono hutoka kwa mabenki na makampuni. Benki ya Daiwa ilitozwa dola milioni 340 mwaka 1996. Volkswagen, kwa hila ya moshi wa magari, bilioni 2.8 mwaka 2017. Kisha waendesha mashtaka wakazidi kupatana na makampuni pasipo hukumu, na fedha za mapatano hayo zikaingia katika hazina kuu, hata sheria ya Julai 2021 ilipozielekeza katika hazina ya faini. Kiwango kilichoruhusiwa kutumika kutoka hazina hiyo, kilichozidi dola bilioni 4.4 mwaka 2018, kilishuka hadi bilioni 1.353 mwaka 2024, na vituo vya ushauri nasaha vikayaendea mabunge ya majimbo kuomba pengo lizibwe kwa kodi, njia ile ile iliyoepukwa mwaka 1984.