Haydn na Sare ya Mtumishi

Nataka kuwasimulia habari za Joseph Haydn, mtunga muziki aliyezaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu.

Siku zile mtunga muziki hakuhesabiwa kuwa bwana. Alikuwa mtumishi wa nyumba ya mkubwa. Mwaka 1761 Haydn alitia sahihi mapatano na jamaa ya Esterházy, matajiri wa Hungaria. Aliamriwa avae sare na soksi nyeupe, na kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, aende kuuliza kama bwana anataka muziki. Na neno lililo zito kuliko yote: kazi alizotunga asimpe mtu mwingine, wala asiziache zinakiliwe.

Mwaka 1772 bwana wake, Nikolaus, alikawia mno katika jumba lake la mashamba, na wapigaji walikuwa wamewaacha wake zao mjini Eisenstadt. Kunung'unika hawakuthubutu. Basi yasimuliwa kwamba Haydn alitunga sinfonia, yaani muziki mkubwa wa vyombo vingi. Ilipokaribia mwisho, mpigaji mmoja akanyamaza, akazima mshumaa wake, akatoka. Kisha wa pili, kisha wa tatu, hata zikabaki fidla mbili tu. Bwana akafahamu, na kesho yake wakafunga safari. Mimi sijapata kuona barua ya kuomba ruhusa yenye adabu kuliko hiyo.

Mapatano mapya ya mwaka 1779 yaliondoa lile katazo, Haydn akaweza kuuza kazi zake.

Mozart, rafiki yake, hakuwa na saburi hiyo. Mwaka 1781, akimtumikia Askofu Mkuu wa Salzburg, aliandika kwamba mezani aliketishwa chini ya watumishi wa chumbani, ila juu ya wapishi. Akaacha kazi, naye msimamizi wa nyumba akamtoa kwa teke. Miaka kumi akaishi kwa jasho lake, akafa mwaka 1791, umri wake miaka 35, na madeni juu yake.

Lakini Beethoven, aliyekuwa mwanafunzi wa Haydn, mwaka 1809 wakubwa watatu walimwahidi florini 4,000 kila mwaka, pasipo sare wala zamu, mradi asihame nchi za Austria. Haydn alikuwa hai bado, mzee sana, mjini Vienna. Akafa Mei ya mwaka uo huo.