Gitaa Kavu Sebuleni

Kwa miaka mingi, kabla na baada ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilifundisha habari za shaba ya Rhodesia ya Kaskazini: makampuni, reli, bei, idadi ya vibarua. Mtihani haukuuliza kibarua alirudi nyumbani na nini. Sisi wa huku mpakani tunajua. Alirudi na baiskeli, blanketi, na mara nyingine gitaa kavu.

Tunduma, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, ni mji wa kupitia. Ng'ambo ni Nakonde, na Wanyamwanga wako pande zote mbili, maana aliyechora mstari hakuwauliza. Kodi ya mkoloni ilidai fedha taslimu, na fedha zilikuwa mbali: machimbo ya dhahabu ya Lupa, kisha migodi ya Luanshya, Mufulira na Kitwe. Vijana wa Kinyiha, Kindali na Kinyamwanga walizifuata, wengi kwa miguu. Huko nako kodi iliwasubiri. Ilipopandishwa mwaka 1935 wachimbaji waligoma, na polisi wakaua watu 6 pale Luanshya.

Katika kambi hizo, na zile za Katanga jirani, ndiko ulikokulia upigaji ninaoutaja. Baada ya zamu, mtu mmoja na gitaa lake: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na mwenzake anagonga chupa tupu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka mingi. Yeye na Edouard Masengo baadaye walifanya kazi Nairobi, na mwaka 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Kiswahili chake cha Katanga mwalimu wa sarufi kama mimi angekijaza wino mwekundu, nacho kingebaki kitamu vilevile.

Basi mwaka jana nilipoalikwa kwa mwalimu mwenzangu mstaafu hapa Tunduma, kusikiliza bluzi ya gitaa kavu sebuleni, sikusita. Viti viliazimwa kwa majirani. Nje yalinguruma malori yanayosubiri kuvuka. Kijana wa nyumba hiyo alipiga nyimbo za Mississippi, na kwa kweli alizipiga vizuri. Kisha mzee mmoja wa Mbozi, aliyewahi kufanya kazi Kitwe, akaombwa naye ajaribu. Alipiga kwa vidole viwili. Kijana alisogea hadi miguuni pake kuutazama mkono.

"Mzee, hii ni bluzi kabisa," akasema.

"Sijui jina lake, mwanangu. Sisi tuliita gitaa."

Tusiharakishe kusema huu ni mtoto wa ule. Santuri za Marekani na Kuba zilifika migodini, hilo ni kweli, lakini ziliwakuta watu waliokwisha kuzoea ala za vyuma zinazopigwa kwa dole gumba. Kinachofanana hasa ni chumba chenyewe. Mississippi John Hurt alirekodiwa mwaka 1928, akarudi Avalon kufanya kazi za shamba, hadi alipotafutwa tena mwaka 1963. Kwa miaka 35 wasikilizaji wake walikuwa majirani. Mlima pamba wa kule, mwenye deni lisiloisha kwa mwenye shamba, na mchimbaji wa huku aliyedaiwa kodi, kila mmoja alibakiwa na Jumamosi yake usiku.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango alimwomba mzee asiurudie. Mumewe alikuwa akiupiga kabla ya kwenda Kitwe mwaka 1959. Zilikuja barua mbili na hawala moja ya posta, basi. Jirani zetu Wamalawi huwaita watu hao machona, waliopotelea ugenini. Katika vitabu nilivyofundishia walikuwa nguvukazi.

Mzee aliliweka gitaa magotini, akamuuliza mumewe alikaa kambi ipi. Waliongea Kinyiha kwa muda mrefu, na hakuna aliyewaharakisha.