Mwalimu wa Hesabu za Watu Wazima



Kila mwaka kijitabu hiki huwa na hesabu ya fedha za chama. Mara hii twapenda kuitanguliza na habari za mtu anayejifunza kuwafundisha watu wazima hesabu. Kwa maana hapa Ishiara wako wanachama ambao huitia hesabu hiyo dole gumba bila kuweza kuisoma.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba wazee wetu hawakuwa wajinga wa hesabu. Mchungaji alilijua kundi lake kwa rangi na pembe, na mbuzi mmoja akipotea alimtambua kabla ya kufika zizini. Kwa jirani zetu Wakikuyu na Wakamba, kuwahesabu watoto au mifugo kulidhaniwa kuleta balaa. Basi mwalimu asiyejua haya, akimwambia ajuza awahesabu wajukuu wake darasani, huenda akamuudhi siku ya kwanza na asimwone siku ya pili.

Kuwafundisha walimu wa vijijini si jambo jipya. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, kwa kufuata mfano wa Marekani. Walimu wake, mara nyingi pamoja na wake zao, walifundishwa kuzisaidia shule za vijijini, na kuwaongoza watu katika kilimo, afya na utunzaji wa nyumba. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kazi ya mahabusu ilitumiwa kuanzisha mashamba ya kumwagilia maji hapa Ishiara, kama ilivyokuwa Mwea na Hola. Na penye mfereji pana vipimo: ukubwa wa shamba, zamu ya maji, uzito wa mavuno.

Baada ya Uhuru, mwaka 1966 ilitungwa sheria ya Halmashauri ya Elimu ya Watu Wazima. Desemba 1978 Rais Daniel arap Moi alitangaza kampeni ya kuufuta ujinga, na mwaka 1979 Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa. Waliajiriwa walimu wapatao 3,000, na wanafunzi walioandikishwa mwaka huo walizidi 400,000, wengi wao akina mama. Lakini walimu wengi walianza kufundisha kwanza, na mafunzo yakawafuata kazini. Kijana wa namna hiyo hana mfano mwingine ila shule ya utoto wake, naye mtu mzima akiaibishwa mbele ya wenzake hafanyi ugomvi. Huaga kimya asirudi.

Njia nyingine ilijaribiwa Mwanza, Tanzania, tangu mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO. Huko masomo ya wakulima yaliunganishwa na zao lao la pamba, mkulima akajifunza kwa kazi aliyoijua.

Hilo ndilo somo kubwa la mwalimu mwanafunzi: asianze na ubao, aanze na soko. Tuseme mama ameleta ndengu kilo 37 na nusu, kwa shilingi 80 kila kilo. Hajui kuandika, lakini hukata kichwani: kilo 30 ni 2,400; kilo saba ni 560; nusu ni 40; jumla 3,000. Mwalimu mwema humwuliza kwanza, "Umepataje, mama?" kisha huyaandika maneno yake kwa tarakimu. Kinachomshinda mama si kujumlisha, bali kuisoma mizani na karatasi ya mnunuzi. Mnunuzi akiandika kilo 34, zimepotea shilingi 280, wala hana la kumjibu.

Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 7.8 katika Kenya hawakufikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Jirani zetu wamo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo twauomba mkutano mkuu utenge fedha za kumsomesha mmoja wetu, mwanamume au mwanamke, kazi hii. Asichaguliwe kwa wingi wa vyeti tu, bali kwa uwezo wa kumsikiliza aliyemzidi umri. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari asiloweza kulisoma mwenye mali halimlindi.